Mimi Mbele ya Mama, Mkwe Nyuma ya Mgongo

Siku mliyoniaga nikistaafu mlinipa ile saa ya ukuta wa thieta, mkacheka mpaka keki ikakatwa vibaya. Niliposimama kuongea nilisema tu asanteni kwa soda, nikakaa. Sista Rukia akanifuata mlangoni. "Susu," akasema, "hiyo si hotuba. Andika mambo ya kushika akina mama. Huyu msichana mpya anawashika kama anacheza dansi." Basi naandika. Shule niliacha darasa la tano, kwa hivyo mkikuta kosa la kalamu linyamazieni, kama mimi nilivyonyamazia makosa yenu ya huko ndani.

Kwa wasionijua, mimi sikuwa daktari wala sista. Kazi yangu ilikuwa kusimama mbele ya mama anayekwenda kupasuliwa ajifungue, nimkumbatie akiwa amekaa ukingoni mwa meza, huku nyuma yake daktari wa usingizi akimdunga ile sindano ya ganzi ya uti wa mgongo. Yeye anadunga, mimi nashika. Huko sokoni Machakos wengi hawajui jina langu. Wananijua kama yule mwanamke mnene aliyewauliza habari za ng'ombe wakati roho yao inataka kutoka.

Nilianzia londri, kufua mashuka na magauni ya kijani, na huko nilikuwa mzuri. Halafu aliyekuwa akishika akina mama akaenda likizo ya uzazi yeye mwenyewe, wakatafuta mtu wa kuziba pengo. Hakuna mtihani niliofanya. Metroni alinitazama mabega akasema huyu atafaa, kama mtu anayechagua ng'ombe wa plau.

Daktari wa usingizi wakati huo alikuwa Mzee Muthama, mtu wa maneno machache na miwani mizito. Aliniita Londri tangu siku hiyo, na mpaka alipostaafu sijui kama alijua niko na jina lingine. Akanionyesha mikono ikae hivi, kifua kikae hivi. Nikashika. Mama mwenyewe alikuwa msichana wa Katangi, mtulivu kabisa. Kisha nikafanya kosa la kuchungulia juu ya bega lake nione hiyo sindano. Mimi nilidhani ni kama zile za kliniki ya watoto. Kumbe ilikuwa ndefu na nyembamba, kama sindano ya kushona magunia iliyokonda kwa njaa. Kitu kingine ninachokumbuka ni sakafu. Nikasikia sauti ya Mzee Muthama ikisema, bila haraka yoyote, "Sista, tafuta mtu wa kumshika huyu anayeshika." Aliyenipa pole ni yule msichana wa Katangi.

Kesho yake Mzee Muthama akaniita tena. Kushika kuna kanuni, na mimi nilizijua kwa kukosea moja baada ya nyingine. Mama akae ukingoni, miguu iwe juu ya stuli, apewe mto wa kukumbatia. Kidevu kifuani, mabega yaanguke, mgongo autoe nje kama kuku aliyenyeshewa. Ukimwambia "kunja mgongo" atanyooka kama askari, kwa sababu anaogopa. Ukimwambia kuku aliyenyeshewa, anacheka kidogo na mgongo unajikunja wenyewe. Usimbane. Mwanzoni niliwabana sana, mpaka mmoja akamuuliza Mzee Muthama kama anaweza kupewa ganzi ya mbavu pia. Mwambie kila kitu kabla hakijafika: sasa ni spiriti, ni baridi, sasa ni kadunga kadogo, sasa utasikia kusukumwa. Na umuulize habari za nyumbani. Ng'ombe ni mzuri. Mume usimguse, kwa sababu wengine huanza kulia, wengine huanza kutukana, na mgongo wote unakakamaa.

Kanuni kubwa ya Mzee Muthama ilikuwa hii: sindano ikiwa karibu, anayeongea na daktari ni yule anayeshika. Uchungu ukija, wewe ndiye unausikia kwanza, kwa bega lako, kwa vile pumzi ya mama inakatika, kabla daktari kule nyuma hajajua lolote. Unasema "ngoja", anasimama. Uchungu ukipita unasema "sasa", anaendelea. Mama akiruka na sindano iko ndani, hiyo ni hatari. "Londri," aliniambia, "mimi huku naona mifupa. Mtu uko naye wewe."

Msifikiri mimi niliiamini ile sindano. Kama wanawake wote wa soko, nilijua inaharibu mgongo milele, na nilikuwa na ushahidi, maana wangu uliuma kila jioni na kazi yangu ilikuwa kukaa karibu nayo. Siku moja nikamweleza Mzee Muthama. Akaniuliza mgongo ulianza lini kuuma. Nikasema tangu nikiwa msichana, nikibeba maji kutoka mtoni kwa kamba ya kichwani. Akafikiri kidogo. "Na huko mtoni ni nani alikudunga?" Nikaenda kupanga glavu. Kuna wanaoumwa na kichwa baada ya sindano, hilo ni kweli na msiwafiche. Waambieni waseme mapema watibiwe. Lakini hayo ya mgongo kuvunjika, waulizeni kwanza habari za mtungi wa maji.

Gesi nayo ilikuja. Waliileta leba, mtungi na mpira wake, mama avute uchungu ukipanda. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza, na mimi kwa kiherehere changu nikasema nitawaonyesha. Nikavuta. Nikavuta tena, kuhakikisha. Metroni alinikuta nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikiueleza ule mtungi vile ninavyoupenda. Alinifukuza, lakini tangu siku hiyo akina mama waliigombania gesi. Walisema kama imeweza kumchekesha yule mwanamke mkali, basi ina nguvu.

Mzee Muthama alipostaafu, akaja kijana wa Masinga anaitwa Kyalo. Nilimpenda. Alikuwa na mkono mwepesi, hakupiga watu kelele, na alikula chochote nilichobeba. Nilimwita kijana wangu. Nilimsifu mpaka nyumbani, na hapo ndipo nilipojiroga. Mtoto wangu wa mwisho, Mueni, mwalimu wa watoto wadogo kule Katelembo, siku moja aliniletea miwani niliyokuwa nimesahau, akamwachia Kyalo. Baada ya hapo nikawa ninasahau vitu nyumbani kuliko kawaida, au Mueni ndiye alikuwa akivificha, hilo sijui mpaka leo. Mwisho wake Kyalo akafika kwetu na wazee na mbuzi.

Sasa wale wasio Wakamba niwaeleze. Sisi tuko na kitu kinaitwa nthoni. Ni heshima na haya ya ukwe. Mwanamume na mama wa bibi yake hawashikani mikono, hawatazamani usoni, jina hawatajiani, na wakikutana njiani mmoja anakaa kando mwingine apite. Wengi wameacha. Mimi sijaacha kitu chochote maishani mwangu, isipokuwa shule.

Mbuzi walipokelewa Jumamosi. Jumatatu tukawa kazini, mimi mbele ya mama, yeye nyuma. Fikirieni. Mama akiinama na kichwa chake kiko begani mwangu, uso wangu na uso wa daktari zinakaribiana kama masikio mawili ya sufuria. Barakoa ipo, ndiyo, lakini macho yako wazi. Nikageuza shingo nikatazama ukuta, na ukutani kulikuwa na saa. Ndiyo hiyo iliyowachekesha. Niliitazama miaka hiyo yote mpaka shingo yangu ikazoea upande mmoja, na nikaijua kuliko nilivyoujua uso wa marehemu mume wangu.

Na yale maneno mawili? Siwezi kumwambia mkwe "ngoja" kama ninayemzuia ng'ombe. Nikayapitishia kwa Sista Rukia. "Sista, mwambie mwenye kazi yake angoje." Sista anasema, "Kyalo, ngoja." Yeye naye, kwa adabu zake, "Sista, mwambie Mama amshushe bega la kushoto." Na sote tuko kwenye meza moja. Sista Rukia ni mtoto wa Waislamu wa hapa mjini. Kwao mkwe ni mtoto wako, anakuja anakuamkia kwa mkono na kula kwako. Alichoka mapema. "Mimi nilisomea unesi au nilisomea simu?" Kyalo akamtuma aniambie kwamba kanisani wamesema mambo hayo yamepitwa na wakati. Nikamrudisha na jibu kwamba kanisani hawashiki migongo.

Mama mmoja aliyasikiliza maneno hayo yakienda na kurudi juu ya kichwa chake, akainua kidevu. "Nyinyi mmekosana?" akauliza. "Kama hamsemezani, mimi hapa ni nani ananiangalia?" Nikamwambia arudishe kidevu chini, hatujakosana, tunaheshimiana. Akasema heshima hiyo tuipeleke nje kwanza. Nilimwona hana adabu. Tuliendelea hivyo, na iliwezekana, kwa sababu Sista Rukia ni mwepesi wa ulimi na hakuwahi kwenda mbali.

Kisha Mueni akapata mimba. Tulipanga ajifungulie hospitali nyingine, mbali kidogo, ili mimi na mume wake tusije tukakutana kwenye mgongo wake. Uchungu haukusoma mipango yetu. Ulimshika kabla ya siku zake, Jumapili asubuhi, akiwa kwangu. Mimi kama mama nikampakulia muthokoi, sahani imejaa, mahindi na maharagwe yaliyolala usiku kucha jikoni. Akasema hataki. Nikasimama juu yake mpaka akamaliza, nikimwambia mtu anahitaji nguvu. Na huyu ni mimi, niliyewafukuza nyanya wa watu mlangoni mwa leba na vyakula vyao, nikiwafokea kwamba mtu anayeweza kupasuliwa hajazwi tumbo.

Kufikia mchana tulikuwa hospitali yetu, maana ndiyo ilikuwa karibu. Mtoto alikuwa amekaa vibaya na mapigo ya moyo wake yakaanza kushuka. Daktari wa upasuaji, mwanamke asiye na mchezo, akasema atolewe sasa hivi. Daktari wa usingizi mwingine alikuwa ameenda mazishi mbali na simu yake haikupatikana. Aliyekuwa zamu ni Kyalo. Akasema hafai kumtibu bibi yake. Daktari akamjibu kwamba hilo hata yeye analijua, basi amtaje mwingine aliyepo. Hakukuwa na wa kutajwa. Kyalo akanawa mikono, akauliza Mueni amekula nini.

Nikamwambia Sista Rukia, "Mwambie muthokoi." Sista akamwambia. Kyalo akamuuliza Sista ni kiasi gani. "Mwambie sahani." Uso wake sikuuona, lakini nilisikia vile alivyonyamaza.

Nyinyi wapya jueni kwa nini alinyamaza. Tumbo likijaa, kumlaza mtu usingizi mzima ni hatari. Chakula kinaweza kupanda kikaingia kwenye mapafu, na mama anaweza kufa pale mezani. Ikabaki sindano ya mgongo. Na mtoto naye hakuwa na muda wa kungoja wakubwa wajaribu na kujaribu. Sindano ikikataa, Mueni atalazwa hivyo hivyo, na muthokoi wangu tumboni.

Siku hiyo haikuwa zamu yangu. Nilikuwa mama wa mgonjwa, pahali pangu palikuwa kwenye benchi ya nje. Msichana wa kushika alikuwepo tayari. Mueni akasema, "Nataka mama yangu." Nikavaa gauni.

Nimeshika migongo mingi, lakini huo nilikuwa nimeuogesha kwenye beseni. Nikamwambia kuku aliyenyeshewa, akajikunja. Ya ng'ombe sikuuliza, anajua vizuri hatuna. Nikageuza shingo kwa saa. Spiriti ikapita, kale kadunga kadogo kakapita, halafu nikasikia kwa bega langu pumzi ya mtoto wangu inakatika. Uchungu unakuja. Nikasema kama siku zote, "Sista, mwambie angoje."

Hakuna sauti iliyosema "Kyalo, ngoja". Sista Rukia alikuwa ametoka kuchukua vifaa vya kumpumulisha mtoto, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake na simu si kazi yake. Kyalo alinisikia. Lakini kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimemfundisha kwamba sauti yangu haimhusu, yake ni ile inayofuata. Akangoja inayofuata, na mkono wake haukungoja. Mueni akaruka. Kyalo akaichomoa sindano haraka na hakuna kilichoharibika, lakini alipoiweka kwenye trei, trei ililia kwa muda.

Daktari wa upasuaji akasema, "Mara moja tena. Halafu tunamlaza."

Mueni alikuwa ameuma gauni langu. Akaliachilia. "Mama," akasema, "ongea na yeye. Mimi ndiye niko katikati."

Na kutoka nyuma yake Kyalo akasema, bila kumtafuta Sista yeyote, "Mama, siwezi bila wewe."

Nikageuza shingo. Ilikataa kidogo, kwa mazoea. Nikamtazama mkwe wangu usoni mara ya kwanza tangu wale mbuzi. Alikuwa amezeeka, na juu ya jicho moja kulikuwa na kovu ambalo sikuwa nalijua. Macho yalijaa maji na hakuwa na mkono safi wa kuyafuta.

"Kyalo," nikasema, jina lake lote, mbele ya watu. "Ngoja."

Akangoja. Uchungu ukapanda begani mwangu, ukakaa pale juu, Mueni akapumua nami, ukaanza kushuka. Kyalo hakuitazama sindano. Alinitazama mimi.

"Ngoja," nikasema tena. Ukashuka, ukaisha. "Sasa."

Yale maji safi ya mgongoni yakatoka tone, ndiyo alama kwamba amefika, akasukuma dawa polepole. Mueni akaniambia miguu inapata moto. Nikasema ni sawa. Akasema sasa imepotea kabisa. Nikamwambia ataipata jioni.

Walipomlaza nikakaa kichwani kwake, Kyalo upande ule mwingine. Mueni hakusikia uchungu. Alisema ni kama mtu anatafuta funguo ndani ya kiondo na hazioni. Mtoto alitoka mlegevu na kimya. Sista Rukia akamchukua kwenye kona yake, akamsugua, akampumulisha. Mimi na mkwe wangu tulitazamana juu ya kichwa cha Mueni na hakuna aliyegeuka, mpaka mtoto akalia, kilio cha hasira. "Msichana," akasema Sista Rukia. "Na tayari anafoka. Huyu ni Susu mwingine."

Baadaye kidogo Mueni akatapika, akiwa macho, kwenye kikarai nilichokishika mwenyewe. Ilikuwa muthokoi. Kyalo akakitazama kikarai, akanitazama mimi, hakusema neno. Hiyo nayo ni heshima.

Shemeji yangu mkubwa aliposikia akaita kikao. Nthoni ikivunjwa kuna mbuzi wa kuitengeneza, hilo linajulikana, na kwa kawaida anayeleta ni mkwe. Lakini hapa mkwe alikuwa amesema "Mama", ambalo si kosa. Aliyetaja jina la mtu na kumwamrisha mbele ya madaktari ni mimi. Wazee walitazamana, wakakohoa, wakasema mbuzi ni wangu. Nikaleta. Sista Rukia akasema hataila nyama hiyo isipochinjwa na Mwislamu, na kwamba simu ya nyumba hii haiwezi kukosa kwenye karamu, basi kaka yake akaja akachinja. Kyalo akanipa mkono. Ulikuwa mwepesi, kama nilivyojua. Jina la mtoto, kwa desturi, lilienda kwa mama yake Kyalo, ambaye siku ile alikuwa kwake Masinga akipepeta maharagwe. Sikusema kitu. Nilisema kidogo.

Mngefikiri baada ya hapo tungeongea mpaka koo likauke. Nilirudi kazini, tukasimama pahali petu, mama katikati. Nikamtazama, akanitazama, na kumbe hatukuwa na la kusema ila yale yale. Ngoja. Sasa. Wakati wa chakula akanisogezea chumvi. Miaka yote ile nilichunga mlango wa nyumba isiyo na kitu ndani.

Kwa hivyo wewe msichana mpya, simama imara, uliza ng'ombe, na usichungulie sindano. Uso wako uwe kwa anayedunga. Na kama iko sababu huwezi kumtazama, iwe ni mkwe wako, iwe mmekosana, iwe unampenda, ipeleke nje kabla mama hajaingia. Yule mama aliyetuuliza kama tumekosana hakukosa adabu hata kidogo.

Saa yenu nimeitundika sebuleni. Mueni alitaka nikae nayo chumbani, akisema nimeizoea. Nimeiweka nyuma ya kiti ambacho Kyalo hukalia akija. Nikitaka kujua ni saa ngapi, lazima nipitie usoni kwake kwanza.